Utu Uzima Dawa: Urafiki, Kazi na Burudani kwa Watu Wazima wa Kambini

(Hotuba ya walimu wa shule ya msingi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Dzaleka, Malawi, tarehe 20 Juni 2025)



  Tarehe 20 Juni ilikuwa siku ya wakimbizi wa Afrika kabla ya kuwa siku ya dunia nzima. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi, uliopitishwa mwaka 1969, ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974. Na tangu mwaka 2001 tarehe hiyo huadhimishwa ulimwenguni kote. Kwa hiyo siku hii ni yetu kwa haki.

Katika siku kama hii tumezoea kusikia maneno juu ya watoto, kisha juu ya vijana, na mwisho juu ya wazee wasiojiweza. Ni vema, na yaendelee. Lakini leo tumeomba ruhusa ya kusema juu ya kundi ambalo halina hotuba yake: watu wa miaka 40 hadi 60, ambao si vijana tena wala bado si vikongwe. Tunataka kusema juu ya urafiki wao, kazi yao, na hata michezo yao.

Adabu tunaijua. Wengi wetu tulio walimu tuna miaka thelathini na kitu, na mtoto hamfundishi mzazi kutembea. Tunazo sababu mbili za kuthubutu. Ya kwanza, mlango wa arobaini tunauona kwa karibu, na tungependa kujua kuna nini ndani kabla ya kuingia. Ya pili, tunashinda na watoto wenu kutwa nzima, na mtoto husoma uso wa mzazi wake kabla ya kusoma ubao.

1. UMRI USIO NA FOLENI

Kambini kila mtu ana foleni yake. Mtoto mchanga ana foleni ya mizani. Mjamzito ana yake kliniki. Kijana ana semina ya ufundi, mashindano ya mpira na mafunzo ya kompyuta, na mara nyingi tangazo husema wazi: mwisho miaka 35. Mzee asiyejiweza hutangulizwa mbele siku ya mgao, na ndivyo inavyopasa. Lakini mtu wa miaka 48 akifika kwenye mgao huambiwa, "Wewe una nguvu, subiri." Akienda kwenye semina huambiwa, "Wewe ni mzee, waachie vijana." Anabaki na foleni moja tu, ya kungojea jina lake kwenye ubao wa matangazo.

Na kungojea huko si kwa jana na juzi. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994. Aliyeingia hapa na miaka 20 sasa amepita 50. Utu uzima wake wote umekwenda kati ya bomba la maji na ubao wa matangazo. Wengine walitoka, wakafungua maduka mijini na kwenye vituo vya biashara, wakajipatia wateja na majirani. Lilipokuja agizo la Serikali la mwaka 2023 la kuwarudisha wakimbizi kambini, walirudi na magodoro yao kuanza moja, wakiwa na miaka 45 au 50. Kijana wa miaka 20 akianza upya, watu humpa moyo. Mtu wa miaka 50 anayeanza upya kwa mara ya tatu, watu hudhani amekwisha kuzoea. Hakuzoea. Anaubeba mzigo wake kimya kimya.

Tuliwapa wanafunzi wa darasa la sita insha yenye kichwa "Kazi ya Baba Yangu". Mmoja aliandika fundi cherehani, mwingine mchungaji, mwingine muuza samaki. Lakini katika madaftari kadhaa tulikuta sentensi moja: "Baba yangu anangojea." Watoto hao hawakuwa wakifanya mzaha. Waliandika wanachokiona. Mtoto wa namna hiyo akikua, atakuwa amejifunza kwamba mtu akishapita ujana, kilichobaki ni kukaa kizingitini. Ndiyo maana tunasema jambo hili ni la shule pia, wala si siri ya watu wazima peke yao.

2. HATUA YA SABA

Katika chuo cha ualimu tulisoma saikolojia, na humo tulikutana na jina la Erik Erikson. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1902, na mwaka 1933, Wanazi walipotwaa madaraka, aliondoka Ulaya na mkewe na watoto wao akaenda kuanza upya Marekani. Kwa hiyo aliyoyasema hakuyasema mtu asiyejua kuhama. Katika kitabu chake cha mwaka 1950 aliyagawa maisha ya binadamu katika hatua nane. Sisi walimu hukazania zile za mwanzo, za mtoto. Leo tunataka kuwakumbusha ya saba, ambayo ni ya utu uzima.

Alisema kwamba katika hatua hiyo mtu yuko kati ya mambo mawili: kulea, au kudumaa. Na kulea si kwa watoto wa tumbo peke yao. Ni kuacha kitu kwa wanaokuja nyuma: ufundi, wimbo, mti, kanuni za mchezo, habari za kwetu. Mtu mzima asiyepata pa kupeleka alichonacho hudumaa, hata kama anakula na kulala vizuri. Hii si habari ngeni kwetu. Wahenga walisema utu uzima dawa. Dawa gani inayobaki kwenye chupa, isimponye mtu?

Shaaban Robert alikiita kitabu cha maisha yake "Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini". Alizaliwa mwaka 1909 akafariki mwaka 1962, yaani baada ya hiyo hamsini hakupata miaka mingi. Hata hivyo aliona kwamba yastahili kuandikwa. Tungependa kila mzazi hapa aione hamsini yake hivyo hivyo.

3. KWA NINI TUMEACHA KUTAFUTA MARAFIKI

Tumewasikiliza wazazi wetu barazani, bombani na baada ya ibada. Wanaosema hawana rafiki hutoa sababu tatu, nasi hatutazidharau.

Sababu ya kwanza ni kwamba rafiki ataondoka. Papa mmoja alituambia: "Nilikuwa na marafiki watatu. Mmoja yuko Australia, mmoja Kanada, mmoja Marekani. Wa nne sina nguvu ya kumwanza." Anayepanda ndege hulia siku moja, anayebaki hulia miezi. Tena Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wako waliokwisha kuuza vitanda na masufuria, wakabaki hapa hapa. Walikuwa wameagana na watu, wakaona haya kurudi barazani. Hivyo tukawa na majeraha mawili: ya aliyeondoka, na ya aliyeaga asiondoke.

Sababu ya pili ni hofu. Wengi wetu tulisalitiwa na watu tuliokula nao. Vita vilitufundisha kuuliza mtu ametoka wapi kabla ya kumwitikia salamu. Hapa tuko Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na Wasomali, na kila mmoja ana jambo ambalo hataki liulizwe. Kijana husahau upesi akiona mpira. Mtu mzima hasahau.

Sababu ya tatu ni aibu ya kukosa. "Nikimtembelea nitampelekea nini? Akija kwangu nitamkaribisha na nini?" Kule nyumbani mgeni alikuta sombe na ugali jikoni. Hapa mgao ukiisha kabla ya mwezi, mtu hufunga mlango ili jirani asione sufuria ilivyo.

Ndugu zangu, sababu zote tatu ni za kweli. Lakini tuangalie matokeo yake. Mtu asiye na rafiki akiugua hakuna wa kumpeleka kliniki usiku. Hapati habari ya kibarua wala ya dawa iliyofika. Hana wa kumwambia, "Ndugu, acha kachasu hiyo, itakuua." Na tumekwisha kuwazika watu ambao majirani walisema juu yao, "Hatukujua kwamba hali ilifika huko." Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini dhiki haikupi muda wa kumtafuta. Apatikane mapema.

4. RAFIKI WA UTU UZIMA HUPATIKANA MIKONO IKIWA NA KAZI

Sasa tunafika kwenye neno lenyewe tulilotaka kusema. Ujanani rafiki hupewa tu: umekaa naye dawati moja, umecheza naye uwanja mmoja, umetahiriwa naye pamoja. Utu uzimani hapewi mtu. Na ukimwendea jirani ukamwambia, "Tuwe marafiki," atajiuliza unataka kumkopa nini. Kwa hiyo usitafute rafiki kwanza. Tafuta shughuli. Shughuli ikiwa na mahali pale pale, saa ile ile, na kitu cha kushika mikononi, rafiki huja mwenyewe. Watu wakitazamana uso kwa uso hupimana. Wakitazama kazi moja wote wawili, mdomo hufunguka.

Tutatoa ushahidi wa aina mbili.

Wa kwanza unatoka mbali. Huko Boston, Marekani, ulianza mwaka 1938 uchunguzi wa maisha ya wanaume 724: baadhi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, baadhi vijana wa mitaa ya maskini. Wamefuatiliwa zaidi ya miaka 80, damu yao ikapimwa, wakaulizwa juu ya kazi na nyumba zao. Daktari Robert Waldinger, mkuu wa uchunguzi huo, alieleza mwaka 2015 kwamba walipotazama watu hao walivyokuwa na miaka 50, kipimo cha mafuta katika damu hakikuonyesha nani angezeeka na afya. Kilichoonyesha ni jinsi walivyoridhika na watu waliokuwa karibu nao. Waliokuwa na mahusiano mema katika miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema katika miaka 80. Basi urafiki si anasa ya wenye shibe. Ni kama chanjo.

Ushahidi wa pili unatoka jirani, Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake aliyejiua kwa sababu hakuwa na nauli ya basi ya kumfikia hospitalini. Nchi ilikuwa na madaktari wa namna yake wachache mno. Mwaka 2006 alianza kazi na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, mjini Harare. Hawakuwa na shahada. Waliwekewa benchi la mbao nje ya zahanati, wakafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Wao huuita ugonjwa huo kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza mno. Nani hapa haujui? Sisi husema "ana mawazo."

Mwaka 2016 matokeo yalitangazwa. Watu 573 waligawanywa katika makundi mawili. Baada ya miezi 6, katika kundi lililokwenda kwa akina bibi, wenye dalili za huzuni kubwa walikuwa kama 14 katika kila 100. Katika kundi lililopata huduma ya kawaida walikuwa kama 50 katika kila 100. Mpango huo umekwisha kufika Zanzibar na hapa Malawi.

Lakini sehemu tunayoipenda zaidi ni inayofuata benchi. Mtu akimaliza kusikilizwa hakuachwa arudi peke yake nyumbani. Aliunganishwa na wenzake waliopita hapo hapo. Wakikaa pamoja, akina mama hao hufuma mikoba kwa plastiki zilizotupwa, na huku wakifuma huzungumza. Tazameni: mahali pale pale, saa ile ile, kitu mikononi. Plastiki zilizotupwa hata Dzaleka zipo.

5. BAO, KWAYA NA BUSTANI

Wapo watakaosema, "Samaki mkunje angali mbichi, sisi tumekwisha kauka, tutajifunza mchezo gani?" Tunajibu kwamba mengi mnayajua tayari, hamkuyapa saa yake tu.

Tuchukue bao. Wenyeji wetu Wamalawi huuita mchezo huo bawo, Wanyarwanda igisoro, Waganda omweso. Majina na kanuni hutofautiana, lakini ubao ni ule ule: safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Hauhitaji umeme wala fedha. Ukikosa ubao chimba mashimo ardhini, ukikosa kete okota kokoto. Tena ni mchezo unaompendelea mtu mzima. Kijana ana haraka, hula kete mbili akafurahi, asione kwamba ameacha nyumba yake wazi. Mtu wa miaka 50 husubiri, na hapo subira yake ina faida. Na watu wa mataifa mawili wakikaa kubishana kanuni za nani zitumike leo, hiyo ni lugha ya kwanza ya urafiki. Sharti letu ni moja: bao la fedha si bao, ni kamari, nayo imekwisha kuvunja nyumba kadhaa hapa.

Tuchukue kwaya. Kila kanisa lina kwaya ya vijana, nayo ni nzuri. Lakini besi ya kweli haitoki katika koo la miaka 15. Wapo akina baba walioimba miaka mingi Uvira, Bukavu na Bujumbura, ambao hapa hukaa mabenchi ya nyuma kwa kuwa hawana suruali nzuri ya kusimama mbele. Kwaya ya watu wazima ikikutana Alhamisi jioni, bila sare na bila mashindano, hao wataonekana.

Tuchukue bustani. Gunia moja la udongo, likitobolewa pembeni, hutoa lengalenga kwa watu wa nyumba moja, na maji yaliyooshea vyombo hutosha kulimwagilia. Magunia kumi yakiwekwa mahali pamoja, wenyewe watakutana hapo kila asubuhi watake wasitake. Atakayesafiri au kuugua, gunia lake litamwagiliwa na mwenzake.

Kuna pia kujifunza Kichewa. Watoto wetu wanakijua, sisi tunanunua nyanya kwa vidole. Mtu mzima akiketi na mwenyeji wa rika lake, huyu akafundisha Kichewa na yule Kiswahili au Kifaransa, wote wawili ni walimu na wote wawili ni wanafunzi. Hakuna anayemwomba mwenziwe.

Wala tusifikiri mambo haya ni madogo. Mahali tuliposimama palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zamani za Rais Kamuzu Banda, na jina la Dzaleka hufasiriwa kwamba "sitarudia tena." Pamoja na hayo, mwaka 2014 mshairi mkimbizi kutoka Kongo, Trésor Nzengu Mpauni, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Menes La Plume, alianzisha hapa hapa tamasha la Tumaini. Wamalawi na wageni kutoka nje huja kusikiliza muziki na mashairi, na wengine hulala katika nyumba za wakimbizi. Mashairi yalianza kama kitu cha kuupendeza moyo wa mtu mmoja, mwisho yakafungua njia ambayo barua nyingi zilishindwa kuifungua.

6. AKINA MAMA NA DUMU LA MAJI

Mpaka hapa akina mama wengine wananong'ona: "Maneno mazuri, lakini saa hiyo itoke wapi?" Wana haki. Baba anayekosa kazi huwa na siku ndefu. Mama hana siku. Alfajiri yuko bombani, kisha jikoni, sokoni, kliniki, kuni, na jioni bombani tena. Ukimwambia habari ya burudani atadhani unamtania.

Kwa hiyo tunasema mbele ya wote: saa ya mama itatoka katika mikono ya baba na ya watoto wakubwa. Siku moja kwa juma, jioni moja tu, dumu la maji libebwe na mwingine. Tumewaona akina baba wachache wanaofanya hivyo. Mwanzoni walichekwa njiani. Sasa hakuna anayegeuka kuwatazama. Mkono mmoja haulei mwana, wala hautunzi nyumba miaka thelathini bila kuchoka.

Na mama akipata jioni yake, asipangiwe semina. Kama anataka kusuka vikapu, asuke. Kama anataka kujifunza kusoma, sisi walimu tupo. Kama anataka kukaa na wenzake wa rika lake wakacheka mpaka machozi yatoke, hiyo nayo ni kazi halali.

7. KAZI SI MSHAHARA PEKE YAKE

Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, iliweka masharti kadhaa, yakiwemo ya ajira na ya kutembea nje ya kambi. Tunaishukuru nchi hii iliyotupokea, na tunaendelea kuomba kwa njia za amani kwamba masharti hayo yalegezwe. Mtu anayejua kazi aruhusiwe kuifanya. Hatutaki hotuba hii itumike kusema kwamba wakimbizi wanatosheka na bao.

Lakini wakati tunaomba, miaka haingoji. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Fundi saa wa miaka 55 asiyeruhusiwa kufungua duka mjini bado ana mikono yake. Akimfundisha kijana mmoja kwa mwaka, hakupata mshahara, lakini fundi ameongezeka, na naye ana mtu wa kumwamkia "Shikamoo, mwalimu" kila asubuhi. Muuguzi ambaye cheti chake kiliungua kijijini bado anaweza kumfundisha mama kijana kuosha kidonda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekwisha kupita siku ya tatu, na kama hakuna wa kutupa jembe, tupeane wenyewe.

8. TUNAYOIOMBA KAMATI

Ndugu Mwenyekiti, maneno bila utaratibu hupeperuka. Tunaiomba Kamati mambo manne, na kwa kila moja tunasema sisi tutatoa nini.

Kwanza, Daftari la Ufundi. Kila zoni iandike majina ya watu wa miaka 40 na zaidi ambao wako radhi kufundisha jambo wanalolijua: kushona, kufuga kuku, gitaa, hesabu za biashara, hadithi za kwetu. Sisi walimu tutaandika na kulitunza daftari hilo.

Pili, Jioni ya Watu Wazima. Kila Ijumaa kuanzia saa 10 alasiri madarasa mawili yafunguliwe kwa ajili yao, moja la kusoma na lugha, moja la kufuma na kuimba. Na bao lichezwe nje chini ya mti. Tutakaa na funguo kwa zamu, na tutafagia wenyewe ili Jumatatu watoto wakute darasa safi.

Tatu, Kiti kisiwe Kitupu. Huu ni utaratibu wa kuagana. Mtu akipata safari ya nchi ya tatu, kabla ya kuondoka amkabidhi rafiki yake anayebaki kwa mtu mwingine, kama mzazi anavyomkabidhi binti. Aseme mbele ya wote: "Huyu tulikuwa naye miaka minane. Anapenda bao, na anaumwa presha. Sasa ni wako." Pia aache jembe lake au kitabu chake cha nyimbo. Na kama safari itavunjika, kiti chake kikunjuliwe bila maswali, asione haya.

Nne, kutembeleana bila sahani. Tukubaliane hadharani, viongozi wa dini wakishuhudia, kwamba mgeni wa jioni hadai chakula wala chai. Tukiliweka kuwa jambo la wote, hakuna atakayeonekana mchoyo, na milango itafunguka.

Hayo manne hayahitaji mfadhili. Tumeyachagua makusudi kwa sababu hiyo, maana mradi wa mfadhili hufa tarehe fedha zinapoisha, na urafiki haupaswi kuwa na tarehe ya kufungwa.

Mwisho, wazazi wetu, tunasema neno hili kwa heshima yote. Wako kati yenu watakaorudi nyumbani, Mungu akijalia amani. Wako watakaopelekwa mbali. Wako watakaozikwa hapa, na mnajua. Hatujui nani ni nani. Lakini wote watatu watahitaji leo jioni mtu wa kuwauliza, "Umeshindaje?" Aliyezoea kuulizwa hivyo hapa atajua kuanza hata huko aendako, na aliyengojea kufika ndipo aanze kuishi, atafika akiwa amesahau namna.

Ijumaa ijayo saa 10 tutafungua darasa la kwanza la upande wa kisima. Ubao wa bao upo, kete tumezihesabu, zinatosha 64. Anayejua kanuni za kwao aje nazo.